Ami wa Tangi: "Kila jioni pH inashuka, nimetia mpaka magadi"

Shikamoo Ami,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Kampala, tunakaa Kibuli. Miaka miwili nyuma nilimlalamikia mume wangu kwamba nimechoka na mji ambao ziwa lake halina hata chembe ya chumvi. Akacheka, lakini hakusahau. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alikuwa anauza tangi lake la maji ya chumvi pamoja na kila kilichokuwemo. Baba Swaleh akalinunua, tukalihamisha kwa pikapu safari tatu, madumu ya maji yakituloweka mapajani.

Tangi lina urefu wa futi nne, lita 240, na sampu (tangi dogo la kuchujia maji) ya lita 60 kabatini chini yake. Ndani mna klaunifishi wawili, samaki wadogo wa buluu watatu, kamba msafishaji, matumbawe laini mengi, vichwa viwili vya tumbawe gumu lenye mikono inayopepea, na bamba moja la tumbawe la zambarau ambalo ndilo roho yangu. Maji nayachuja kwa mashine ya RO (inayoondoa karibu kila kilichoyeyuka majini), chumvi ni ya pakiti, ile ya matumbawe. Mwaka wa kwanza sikuwa na kipimo cha pH (namba ya asidi ya maji: ikishuka, asidi imezidi) na nilikuwa na raha zangu. Kisha nikanunua kipimo cha kidijitali, na tangu siku hiyo silali.

pH yangu iko chini, Ami. Nilisoma kwamba inatakiwa 8.3. Nikaagiza unga wa kupandisha pH kutoka Nairobi. Nikitia kijiko, baada ya saa moja naona 8.2, nafurahi. Kesho asubuhi imerudi 7.65. Natia tena. Nimemaliza makopo manne. Sasa hita imevaa ganda jeupe kama birika la zamani, pampu ya kurudishia maji imekwama mara mbili, na lile bamba la zambarau limeanza kuwa jeupe pembeni. Nimepima vitu vingine: alkaliniti (nguvu ya maji kukabili asidi, hupimwa kwa dKH) 12.8 dKH, kalsiamu miligramu 350 kwa lita. Magnesiamu sina kipimo chake. Chumvi iko 35 kwa elfu, joto 26.

Jirani yangu, mama mmoja mpole sana, aliponiona nahangaika akaniambia, "Nnyabo, si unataka kupunguza asidi? Tia magadi, kama tunavyotia kwenye maharage." Nikatia kijiko kimoja cha chai. Usinigombeze. Ilipanda, ikashuka.

Nimeweka daftari kwa wiki tatu kama ulivyowahi kumshauri msomaji mwingine. Napima mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa kumi alasiri, na saa tatu usiku watoto wa chuo changu cha Kurani wakishaondoka. Taa za tangi zinawaka saa nne asubuhi na kuzima saa mbili usiku. Siku nyingi inakuwa hivi: asubuhi 7.65, alasiri 7.92, usiku 7.68. Alhamisi na Ijumaa usiku inabaki 7.90 na asubuhi yake inakuwa 7.80, sijui kwa nini, labda ni kwa sababu sikutia unga siku hizo.

Mahali pa kulihamishia sina. Sebule ndiyo hiyo hiyo: mchana ya familia, jioni ya chuo. Nasomesha watoto wa mtaani Kurani kuanzia baada ya Magharibi mpaka Isha ipite, ni kumi na wanne kwa sasa. Madirisha nafunga mapema kwa sababu ya mbu, na mlango wa nyuma nafunga kwa sababu sigiri (jiko la makaa) iko pale barazani na moshi unaingia.

Maswali yangu: Je, ni huu mwinuko wa Kampala? Kuna mtu kaniambia matumbawe hayawezi kukaa juu hivi. Je, niache chumvi ya pakiti nichukue chumvi ya Katwe, maana nasikia ina magadi ndani yake na ni rahisi? Na kama tatizo ni sebule, nihamishe tangi au nihamishe chuo?

Mama Swaleh, Kibuli

*

Marahaba mwanangu. Sikugombezi. Aliyetia kijiko kimoja cha magadi akakiri ni afadhali kuliko waungwana wanaoniandikia "sikutia kitu chochote" na picha inaonyesha kopo nyuma yao.

Tuanze na daftari lako, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe halafu ukalipita. Unasema Alhamisi na Ijumaa usiku pH inabaki 7.90, siku nyingine inaanguka mpaka 7.68. Unadhani ni kwa kuwa hukutia unga. Lakini unga unapandisha. Siku usipoutia, namba ingekuwa chini zaidi, sio juu. Sasa niambie, Alhamisi na Ijumaa kuna nini nyumbani kwako? Au tuseme, hakuna nini? Ikiwa chuo chako ni kama vyuo tulivyosomea sisi, hizo ndizo siku watoto wanapumzika.

Hao watoto kumi na wanne, Mwenyezi Mungu awabariki, ndio wanaoshusha pH yako. Wao, na madirisha uliyoyafunga.

Nikueleze inavyokwenda. Tukipumua tunatoa hewa ukaa. Hewa ukaa ikikutana na maji huyeyuka ndani yake na kuwa asidi ya kaboni, na asidi ndiyo inayoshusha pH. Maji ya tangi lako hayakai peke yake: uso wa maji, maporomoko ya kwenye sampu, na zaidi ya vyote ile skima (mashine ya povu inayotoa uchafu majini) inayosaga hewa na maji pamoja, vyote vinabadilishana hewa na sebule usiku na mchana. Hewa ya nje ina hewa ukaa kama sehemu 420 kwa milioni. Mtu mzima aliyetulia anatoa karibu lita 18 za hewa ukaa kwa saa. Mtoto anatoa pungufu ya hapo, lakini mtoto anayesoma juzuu kwa sauti hajatulia. Weka kumi na wanne katika chumba cha mita tano kwa nne, funga madirisha na mlango, na katika saa moja hewa ya chumba inavuka sehemu 2,000 kwa milioni bila shida. Skima yako inaivuta hiyo hiyo na kuisukuma ndani ya maji kwa bidii zote.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kwa maji yenye alkaliniti ile ile, hewa ukaa ikiongezeka maradufu, pH inashuka kwa karibu 0.3. Sasa piga hesabu pamoja nami. Maji ya chumvi yenye 12.8 dKH yakiachwa kwenye hewa safi ya nje yatatulia karibu na 8.3. Yako usiku yako 7.68. Tofauti ni 0.6, yaani maradufu mara mbili, yaani hewa ukaa mara nne ya ile ya nje. Mara nne ya 420 ni karibu 1,700. Sijawahi kuingia sebule yako, lakini tangi lako limeshanipimia.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini makopo manne hayakusaidia. Unga wa kupandisha pH kazi yake ni kuongeza alkaliniti, ile akiba ya bikaboneti na kaboneti inayokabiliana na asidi. Ukiumwaga, pH inaruka kwa muda. Kisha hewa ya chumba inaingia, maji yanarudi kwenye kiwango chake, na kilichobaki ni alkaliniti iliyopanda ngazi moja zaidi. Bahari yenyewe ina karibu 7 dKH. Tangi la matumbawe linakaa vizuri kati ya 7 na 10 hivi. Wewe umefika 12.8, na kalsiamu imeshuka kutoka 400 na kitu mpaka 350. Imekwenda wapi? Imekwenda kwenye hita na kwenye pampu. Lile ganda jeupe ni kalsiamu kaboneti, ni jiwe la chokaa, umelipika mwenyewe tone kwa tone. Kila ulipomwaga kijiko mahali pamoja, pale pH ilipaa kwa dakika chache na kalsiamu ikaganda kabla tumbawe halijaonja. Na pembe nyeupe za bamba lako la zambarau naziweka kwenye alkaliniti hii ya juu na inayoyumba, wala siziweki kwenye pH. Matumbawe mengi yanakua bila kulalamika kwenye 7.8. Hayapendi kuyumbishwa.

Hiyo 8.3 uliyoisoma ni ya muuza kopo. Uso wa bahari leo ni karibu 8.1. Tangi la ndani ya nyumba linalokwenda kati ya 7.8 alfajiri na 8.1 au 8.2 alasiri ni tangi zima, na mwenye nalo alale.

Kabla hujagusa kitu, hakikisha. Kipimo cha kidijitali kinataka kurekebishwa kwa maji maalumu ya pH 7 na pH 10, mapya, sio yaliyokaa wazi kabatini tangu mwaka juzi. Ncha yake isihifadhiwe kwenye maji ya RO, inaharibika. Ina maji yake ya kuhifadhia. Lakini sina wasiwasi sana na kipimo chako. Kipimo kibovu hakijui Alhamisi.

Kisha fanya jaribio la glasi. Chota glasi mbili za maji ya tangi saa moja asubuhi, wakati pH iko chini kabisa. Pima. Glasi ya kwanza ipeleke nje mbele ya nyumba, mbali na sigiri, tia mrija wa pampu ndogo ya hewa, ile ya betri ya kuwekea samaki wa kusafirishwa, iache ipulize saa moja nzima. Ya pili ifanyie vivyo hivyo sebuleni, madirisha yakiwa kama kawaida yako. Pima zote mbili. Ya nje ikipanda sana, ikaelekea 8.2 au 8.3, na ya ndani ikabaki palepale au ikapanda kidogo, basi ugonjwa ni hewa ya nyumba na hakuna kopo litakalouponya. Zote mbili zikipanda sawasawa, tatizo ni tangi kutopata hewa ya kutosha: uso wa maji hautikisiki vya kutosha, au skima imeziba. Zote mbili zikikataa kupanda, ndipo tungesema alkaliniti iko chini, na kwako tunajua haiko chini. Nakutabiria la kwanza, lakini fanya. Ushauri wa mtu anayekaa Entebbe haushindi glasi iliyo mbele yako.

Sasa dawa. Ya kwanza ina bei ya mrija.

Skima yako ina kimpira chembamba kinachovuta hewa, sasa hivi kinaning'inia ndani ya kabati. Huko kabatini ndiko hewa mbaya kuliko yote, kwa sababu sampu nayo inapumua humo. Nunua mpira mrefu, mpana kidogo kuliko huo (mpira mwembamba ukiwa mrefu unaikaba skima, povu linakufa), uunganishe, upitishe kwenye pembe ya dirisha au toboa tundu kwenye fremu, na uutoe nje. Mdomo wa nje uuelekeze chini mvua isiingie, na uufunge kipande cha sponji au wavu mwembamba, la sivyo utavuta vumbi lote la Kibuli na wadudu juu yake. Chagua upande. Usiutoe upande wa baraza la nyuma penye sigiri, wala karibu na jenereta ya jirani, wala chini ya dirisha ambalo watu hupuliza dawa ya mbu. Dawa ya mbu inaua wadudu, na kamba wako ni binamu yao wa karibu. Skima inayovuta hewa ya nje inaweza kukupa 0.1 mpaka 0.3 peke yake. Nilipofanya kwangu mara ya kwanza nilidhani kipimo kimeharibika.

Ya pili ni madirisha. Fundi wa milango pale Katwe, ya Kampala hii, atakutengenezea fremu ya wavu wa mbu kwa dirisha kwa siku moja. Weka mbili, zinazotazamana, ili upepo upite. Hapa nasema na mama mwenye watoto kabla ya mama mwenye tangi: hewa iliyolishusha tangi lako mpaka 7.68 ndiyo wanayovuta wale wanafunzi, na huenda ndiyo inayowafanya wasinzie kabla ya Isha ukadhani ni uvivu. Na sigiri isiingizwe ndani hata siku ya mvua. Makaa yanatoa hewa ukaa, na pia yanatoa ile nyingine, kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Wakati wa mvua za Machi mpaka Mei najua kishawishi kinakuwa kikubwa. Usikubali.

Swali la mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kwa asilimia kumi na kitu, na hewa ukaa iliyomo inapungua kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo mwinuko ungeisukuma pH juu kidogo tu, usingeishusha. Aliyekwambia matumbawe hayakai juu hivi mwonyeshe lako lililokaa miaka miwili. Kitu kimoja cha kweli: oksijeni nayo ni pungufu hapa kuliko Mombasa, kwa hiyo uso wa maji utikisike vizuri, na umeme ukikatika usichelewe.

Hapo kwenye umeme nisimame kidogo, kwa sababu ndipo watu wa Kampala wanapopoteza matangi. Umeme ukienda usiku, pampu zinasimama, samaki na matumbawe vinaendelea kupumua, hewa ukaa inajaa majini na oksijeni inakwisha. pH itaanguka, ndiyo, lakini kinachoua haraka ni oksijeni. Ile pampu ya betri uliyoifanyia jaribio la glasi ndiyo itakayokuokoa. Ziwe mbili, na mawe yake ya kutoa mapovu, na betri za akiba mahali ambapo watoto hawazifikii kuweka kwenye rimoti.

Sasa kuhusu hiyo 12.8. Acha unga leo. Kama kuna kopo lililobaki, liweke juu ya kabati. Usitafute kitu cha kuishusha: hakuna siki, hakuna limau, hakuna ujanja. Matumbawe na mwani wa chokaa vitaila taratibu, na ukibadilisha maji asilimia 15 kila wiki kwa chumvi iliyochanganywa ikapimwa kuwa na dKH 8 hivi, utashuka polepole. Pima chumvi mpya kabla hujaitia, maana pakiti nyingine za matumbawe zinatoka na dKH 11 au 12, na hapo utakuwa unazungusha gurudumu. Usishuke zaidi ya dKH moja kwa siku. Tafuta pia kipimo cha magnesiamu. Ikiwa iko chini ya 1,250 ipandishe polepole mpaka 1,300, kwa sababu magnesiamu ndiyo inayozuia kalsiamu isigande ovyo kwenye hita. Siki ina kazi yake moja tu hapa: toa pampu na hita, hita ikiwa imezimwa na imepoa, viloweke kwenye siki nyeupe na maji, ganda litaondoka lenyewe, suuza, rudisha.

Alkaliniti ikishafika 8 au 9, na mpira wa skima ukiwa nje, pima wiki mbili. Kama bado asubuhi iko chini ya 7.8, ndipo tunaleta chokaa.

Nisamehe, hapa nitazungumza kama mtu wa pwani na mwenzake. Wazee wetu walichimba matumbawe, wakayachoma kwenye tanuri kwa kuni za mikoko, wakapata chokaa, wakajengea nyumba na misikiti. Kinyume chake ndicho tunachofanya kwenye tangi: tunayeyusha chokaa kwenye maji, na tumbawe linaigeuza tena jiwe. Maji ya chokaa yanatia kalsiamu na alkaliniti kwa uwiano ule ule ambao tumbawe linavitumia, na juu ya hayo yanaikamata hewa ukaa iliyomo majini na kuifanya bikaboneti. Kwa hiyo yanapandisha pH kweli kweli, tofauti na unga wako.

Lakini ni kitu kikali. Maji ya chokaa yaliyoshiba yana pH zaidi ya 12. Chukua hidroksidi ya kalsiamu safi, ya daraja la chakula au la maabara. Usichukue chokaa ya ujenzi, iwe ya Tororo au ya Hima, ni nzuri kwa ukuta, ina mchanganyiko usioujua. Usichukue ile ya tambuu pia, hata kama bibi yako alikuwa nayo daima, maana nyingi zimetiwa vikolezo. Gramu moja na nusu kwa lita moja ya maji ya RO inatosha kushiba, zaidi ya hapo inalala chini tu. Tikisa mara moja, funika, iache itulie, tumia maji maangavu ya juu peke yake. Itie kama maji ya kufidia yale yaliyokauka, tone kwa tone, usiku, wakati pH iko chini. Isimwagike yote kwa mkupuo hata siku moja. Nimeona tangi la rafiki yangu limegeuka maziwa kwa sababu bomba la kufidia lilikwama likiwa wazi. Anza na nusu ya kiwango. Na kwa kuwa nyumba yako ina watoto wengi kuliko yangu: dumu liwe na kifuniko cha kufunga, liandikwe, liwe juu. Ikiruka machoni inachoma.

Njia nyingine ni mwani. Ule mwani wa kijani unaofanana na nywele za waya, ukiuweka kwenye sampu na taa yake ndogo inayowaka saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi, unakula hewa ukaa wakati ule tangi linaposhuka. Naupenda kwa sababu unakula na uchafu wa samaki pia. Bili ya umeme itapanda kidogo. Kuna na punje za sodalimu, zile zinazowekwa kwenye mashine za kulaza wagonjwa wa upasuaji ili kunyonya hewa wanayoitoa; mtu anazijaza kwenye kopo na kuipitisha hewa ya skima humo, zikibadilika rangi zimekwisha. Zinafanya kazi, lakini kwa sebule yenye wanafunzi kumi na wanne zitakwisha kama sukari ya chai ya msiba. Mpira wa dirishani haukwishi.

Katwe. Chumvi ya Katwe, ile ya Kasese, inatoka kwenye ziwa la kreta lenye chumvi, salfeti na magadi. Ziwa lenye kaboneti nyingi namna hiyo haliwezi kubaki na kalsiamu, inaganda yote, kama ilivyoganda kwenye hita yako. Maji ya bahari yana kalsiamu zaidi ya miligramu 400 kwa lita na magnesiamu karibu 1,280, na ndivyo vitu matumbawe yanavyotafuta. Kwa mifugo na jikoni sina neno. Tangini hapana. Na magadi ya maharage yanakuja na uchafu wake, floridi ikiwemo. Kijiko kimoja cha chai ndani ya lita 300 hakina madhara ya kukukosesha usingizi, maji yako utayabadilisha. Mwambie jirani asante, na kwamba shauri lake lilikuwa karibu na kweli kuliko anavyodhani, maana unga wako wa makopo manne ni ndugu wa magadi aliyevaa lebo.

Usihamishe tangi, na chuo usikihamishe. Kama unaweza, geuza mkeka ili watoto wakae upande wa dirisha na tangi libaki kona ya ndani, lakini hata hilo si lazima ukishautoa mpira nje.

Niandikie tena baada ya siku kumi na nne. Nataka namba tatu za kila siku kama ulivyofanya, na safu ya nne: dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, na watoto walikuwa wangapi. Alkaliniti pima mara mbili kwa wiki. Mabadiliko yaje moja moja, kwanza mpira peke yake kwa wiki nzima, ndipo madirisha ya wavu, tujue nani kafanya nini. Na Alhamisi na Ijumaa usiruke.

Ami wa Tangi, Entebbe